Kupamba fleti ndogo ya zamani hadi itulie: anzia sakafuni

Ukiingia mara ya kwanza kwenye fleti iliyojengwa miaka mia iliyopita, macho hupanda juu yenyewe. Dari iko mbali, imezungukwa na ukanda wa plasta uliofinyangwa majani na maua. Milango ni mizito na mirefu, na dirisha linaanzia magotini hadi karibu na dari. Kisha unashusha macho na kuhesabu hatua: nne kwa urefu, tatu kwa upana, sebule imekwisha. Chumba cha kulala kinatosha kitanda na njia ya kupita. Hapo ndipo wengi huanza kupigana na udogo kwa rangi nyeupe, vioo na fanicha za kukunja, na baada ya mwaka nyumba imejaa vitu ishirini visivyoelewana.

Nyumba ya zamani haiji mikono mitupu. Huja na rangi zake: mbao za sakafu, jiwe la sehemu ya kuotea moto, vigae vya bafuni, shaba ya vitasa. Utulivu unaoutafuta hupatikana ukizitambua rangi hizo kwanza, kisha ukazifuata chumba hadi chumba. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini na kupanda, taa na picha zikija mwisho. Nimezipamba nyumba mbili za aina hii, ya kwanza kwa kubahatisha na ya pili kwa mpangilio huu, na tofauti yake naiona kila jioni ninapofungua mlango.

Hatua ya 1: Kaa nayo kabla hujanunua chochote

Jipe angalau wiki mbili. Godoro, meza, viti viwili na taa moja ya kusimama vinatosha kwa muda huo. Chukua daftari, ukurasa mmoja kwa kila chumba, uandike mambo matatu.

La kwanza ni vitu ambavyo hutavibadilisha, ama kwa sababu ni vizuri au kwa sababu huna ruhusa wala uwezo wa kuvigusa. Mbele ya kila kimoja andika rangi yake kwa uaminifu. Usiandike "mbao". Andika "hudhurungi inayoelekea chungwa" au "kahawia iliyopauka, karibu na kijivu". Usiandike "vigae vyeupe" kama kwa kweli vina rangi ya maziwa. Orodha hii itakuokoa baadaye.

La pili ni mwanga. Andika saa ambazo jua linaingia na linapita dirisha gani. Kaskazini mwa ikweta, mbali na nchi za joto, madirisha yanayotazama kusini ndiyo hupata jua zaidi, na yale ya kaskazini hupata mwanga baridi, wa kijivu kidogo, siku nzima. Kusini mwa ikweta mambo hugeuka. Yanayotazama mashariki huwa na uhai asubuhi na kufifia mchana. Chumba unachokitumia jioni tu hakina haja ya kupambwa kwa ajili ya mwanga wa saa nne asubuhi.

La tatu ni vipimo, na hapa nyumba za zamani ni wasumbufu. Kuta zake hazijanyooka na pembe zake si za mraba. Kila nafasi utakayoweka kabati au rafu ipime sehemu tatu, chini, katikati na juu, kisha ushike kipimo kidogo kuliko vyote. Kwenye nyumba yangu ya sasa kuna shubaka kando ya sehemu ya kuotea moto. Chini lilikuwa na sentimita 92, katikati 91, juu 89 na nusu. Rafu ingekatwa kwa zile sentimita 92 za chini, isingeingia juu. Pima pia ngazi za jengo, kona zake na upana wa mlango wa kuingilia. Sofa nyingi nzuri zimerudishwa dukani kwa sababu hazikuweza kukata kona ya ghorofa ya pili.

Hatua ya 2: Uliza nyumba inaficha nini

Kabla ya msasa, kabla ya kubandua chochote, kuna mambo ya afya. Rangi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilifuata au zilitangulia kwa nyakati tofauti, hivyo jengo la zamani kuliko marufuku ya nchi yako lichukulie kuwa na risasi mpaka lipimwe. Rangi iliyoshika vizuri na isiyobanduka haina shida kubwa; ifunike kwa rangi mpya. Hatari ni vumbi. Usiipige msasa mkavu, usiichome kwa moto, na usimruhusu fundi afanye hivyo huku watoto au mjamzito wakiwa ndani. Asbesto nayo, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, ilitumika kwenye vigae vya sakafu vya plastiki, gundi zake, na plasta ya mapambo ya dari. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 tu. Ukikuta vigae vya aina hiyo chini ya zulia kuukuu, viache vilivyo hadi mtaalamu apime.

Nyaya za umeme zikaguliwe na fundi mwenye leseni. Nyufa nyembamba kama unywele ni mambo ya kawaida kwenye plasta iliyozeeka. Ufa unaopanda mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha na unaoendelea kupanuka ni wa mhandisi, si wa puti.

Unyevu unahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa sababu hapa watu hutumia fedha mara mbili. Kuta nyingi za zamani zilipigwa plasta ya chokaa, ambayo hupokea unyevu na kuutoa. Ukiifunika kwa rangi ya plastiki nzito, maji hubaki ndani, na baada ya misimu miwili rangi huvimba kama malengelenge na kubanduka. Basi tafuta chanzo kwanza: mfereji wa mvua ulioziba, bomba linalovuja, dirisha lisilofunguliwa kamwe. Kisha chagua rangi inayopumua, kama chokaa, rangi ya udongo au rangi ya silikati, yaani rangi ya madini. Hii ya silikati si kitu kipya. Adolf Wilhelm Keim aliisajili Ujerumani mwaka 1878, na inafaa hasa kwa plasta ya chokaa kwa kuwa hushikana nayo badala ya kukaa juu yake kama ngozi.

Hatua ya 3: Sakafu ndiyo inayoamua

Siku nilipohamia hapa, sakafu ilikuwa nyeusi ya uchafu na nta ya miaka mingi. Nilitaka kuifunika kwa kapeti. Kabla ya hapo nikapiga magoti karibu na dirisha, nikachukua ubao mmoja tu, nikausugua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini, nikaufuta mara moja usije ukanywa maji. Maji kwenye ndoo yakawa kama chai ya rangi. Ubao ukatoka na rangi ya asali iliyoiva, yenye mistari ya kahawia nyeusi na alama mbili ndogo za misumari ya mkono. Saa hiyohiyo nilijua rangi za nyumba nzima zitatoka pale.

Fanya hivyo hivyo. Safisha ubao mmoja, uache ukauke, uutazame kwa mwanga wa mchana, kisha ujiulize unaelekea wapi: njano, chungwa, wekundu, au kijivu. Misonobari iliyozeeka huelekea chungwa. Mialoni huelekea njano na kahawia. Mbao nyekundu za misitu ya joto huelekea rangi ya damu ya mzee.

Baadaye amua kama itapigwa mashine ya msasa. Ushauri wangu ni kusita. Kila kupiga msasa hula unene wa ubao, na sakafu za vipande vidogo vilivyopangwa kwa mchoro huwa nyembamba. Huenda zimebakiwa na mara moja tu. Kama mikwaruzo haikusumbui, kusafisha na kupaka nta au mafuta ya mbao kunatosha, na unabaki na ule uzee ambao fedha hazinunui. Ukilazimika kupiga msasa, fahamu kwamba vanishi ya mafuta huzidisha njano kadiri miaka inavyopita, wakati ile ya maji huacha mbao karibu na rangi yake ya asili. Jaribu zote mbili ndani ya kabati au nyuma ya mlango, mahali ambapo kosa halitaonekana.

Kama chumba kimoja kina sakafu tofauti, tuseme vigae jikoni, si lazima ufananishe kila kitu. Tafuta rangi moja tu inayoviunganisha. Vigae vya kijivu vyenye vumbi la kahawia ndani yake vinaweza kukaa na mbao za asali bila ugomvi. Kijivu cha saruji tupu hakiwezi.

Hatua ya 4: Rangi ya ukuta

Fleti yangu ya kwanza niliipaka nyeupe yote. Nilichagua nyeupe safi kabisa, nikiamini itaongeza ukubwa. Ilikuwa nyeupe inayoelekea samawati, na sakafu ilikuwa ya misonobari. Rangi ilipokauka, sakafu iligeuka chungwa kali, kana kwamba kuna mtu aliyeipaka usiku. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa ni ile nyeupe.

Jambo hili lina historia. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia rangi za nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zinafifia. Alipochunguza, akaona nyuzi hazina kasoro. Weusi ulionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Alieleza kanuni hiyo mwaka 1839: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma nyingine mbali nayo. Samawati huamsha chungwa. Kijani huamsha wekundu. Ukuta wa baridi juu ya sakafu ya joto hufanya kila kimoja kipige kelele.

Kwa hiyo ukitaka utulivu, chagua rangi ya ukuta inayoelekea upande uleule wa sakafu. Kwa mbao za asali, nyeupe ya maziwa, rangi ya mchanga, ya udongo mweupe, au kijani cha zeituni kilichopauka. Kwa mbao zilizopauka zenye kijivu, unaweza kutumia kijivu chenye joto kidogo au samawati iliyofifia sana. Kwa mbao za damu ya mzee, nyeupe yenye tone la waridi hukaa vizuri ajabu, ingawa dukani inaonekana kama ya chumba cha mtoto.

Majaribio yafanywe kwenye karatasi kubwa, si ukutani. Paka rangi mara mbili kwenye karatasi ngumu yenye ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, acha mpaka mweupe mwembamba pembeni, kisha ibandike ukutani ukigusisha ubao wa chini. Itazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa zikiwaka. Ihamishe ukuta wa pili, hasa ule wa kando ya dirisha ambao daima una kivuli. Usijaribu zaidi ya rangi nne kwa wakati mmoja. Macho huchoka na kuanza kudanganya. Kwenye kadi za rangi angalia pia kiwango cha kurudisha mwanga, namba kati ya 0 na 100. Chumba chenye dirisha moja lisilopata jua kitashukuru ukikipa rangi ya 60 na kuendelea. Ila chumba chenye giza la kudumu, kama ushoroba usio na dirisha, usikipake nyeupe. Nyeupe bila mwanga huwa kijivu cha uchovu. Kipake rangi iliyoshiba, kahawia au kijani kizito, kiwe na joto lake. Ukitoka humo na kuingia sebuleni, sebule huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Idadi ya rangi kwa fleti nzima: tatu, pamoja na mbao. Moja ya kuta nyingi, moja nzito kidogo kwa ushoroba au chumba cha kulala, na moja ndogo yenye nguvu, kama rangi ya kutu au samawati ya usiku, itakayojitokeza kidogo kila chumba: mto hapa, kitabu pale, kivuli cha taa kule. Njia ya kuhakiki ni kusimama katikati ya kila mlango na kutazama vyumba viwili kwa mkupuo. Katika nyumba ndogo maisha yako hayako ndani ya chumba kimoja. Jicho lako liko kwenye vyumba viwili muda wote.

Sasa nakshi. Desturi iliyozoeleka ni kuta zenye rangi, na ubao wa skatingi (ule wa chini ya ukuta), fremu za milango na ukanda wa dari kupakwa nyeupe inayong'aa. Kwenye chumba kikubwa hupendeza. Kwenye chumba cha mita tatu, mistari hiyo myeupe hukikata chumba vipande vipande. Paka skatingi, fremu na ukuta rangi moja, ukutani ikiwa mati, yaani isiyong'aa, na kwenye mbao ikiwa silki, yenye mng'ao kidogo, ili ioshwe kirahisi. Nakshi hazitapotea. Zitaonekana kwa vivuli vyake, kama zilivyokusudiwa na aliyezifinyanga. Dari iache iwe nyepesi kuliko ukuta, lakini ya ukoo uleule. Na kama majani ya ukanda wa dari yamezibwa na matabaka ya rangi hadi yanafanana na uvimbe, usiongeze tabaka jingine kabla ya kuyasafisha. Ni kazi ya brashi ndogo, maji, na subira ya wiki nzima, baada ya kuhakikisha hakuna risasi. Mimi nilisafisha mita mbili tu juu ya dirisha, na hizo mbili zinatosha kukumbusha kilichokuwepo.

Kiasi cha rangi hukadiriwa hivi. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 3 kina mzunguko wa mita 14, ukizidisha kwa kimo unapata mita za mraba 42. Toa 5 za mlango na dirisha, zinabaki 37. Kupaka mara mbili ni 74. Lita moja hupaka takriban mita za mraba 10 hadi 12, basi utahitaji lita 7 na nusu hivi. Nunua 8, zote za tarehe moja ya kuchanganywa, kwa kuwa makopo ya siku tofauti yanaweza kutofautiana kidogo. Plasta kavu isiyo na praima, yaani rangi ya kutangulizia, hunywa zaidi. Kwenye madoa ya moshi wa sigara au maji yaliyokauka, tanguliza praima ya shelaki (utomvu wa wadudu unaoziba madoa), la sivyo doa litarudi kupitia rangi mpya.

Hatua ya 5: Fanicha chache, zenye mwili

Chumba kidogo hakidai vitu vidogo. Viti vinne vyembamba, meza tatu ndogo na rafu mbili fupi hufanya miguu zaidi ya ishirini sakafuni, na jicho linaihesabu yote. Sofa moja ya kukaa watu wawili na nusu, kiti kimoja cha kuegemea na meza moja huacha sakafu ionekane, na sakafu inayoonekana ndiyo nafasi.

Kabla ya kununua, chora kila kitu sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa vipimo vyake halisi, uishi nacho siku tatu. Pita na ndoo ya nguo. Fungua milango yote. Njia ya kupita iwe na sentimita 75 hivi, 90 kama ndiyo njia kuu. Kati ya sofa na meza ya mbele acha 40 hadi 45, goti lipite na mkono ufikie kikombe. Ukishajigonga kwenye mchoro mara mbili, kitu hicho hakifai.

Tumia kimo ulichopewa bure. Dari ya mita tatu inaruhusu rafu zinazofika juu kabisa, na rafu moja ndefu ni tulivu kuliko tatu fupi zenye vumbi juu. Kabati la kuhifadhia nguo au vifaa lipakwe rangi ya ukuta liyeyuke humo. Vitu vya kila siku viwe nyuma ya milango, na vya kutazamwa viwe wazi. Ukichanganya, hata vile vizuri huonekana kama mrundikano. Kwa mbao, usitafute zinazofanana kabisa na sakafu, hutazipata na jaribio litaonekana. Chukua nyepesi kidogo au nyeusi zaidi, ila zielekee upande uleule wa joto au baridi.

Sofa na kiti viwe na miguu inayoonekana. Kitanda kiwe na nafasi chini kwa masanduku yenye magurudumu. Fanicha kuukuu zinafaa nyumba kuukuu, lakini usijaze za zama moja hadi pawe makumbusho. Kitu kimoja cha kisasa chenye mistari rahisi huzipa nyingine pumzi.

Hatua ya 6: Pazia na zulia

Fimbo ya pazia ipandishe karibu na ukanda wa dari, na ivuke dirisha kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kioo chote kibaki wazi. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya fimbo, la sivyo likifungwa litakuwa kama shuka lililoanikwa. Urefu uishie sentimita moja juu ya sakafu. Kitani au pamba nzito katika rangi ya ukuta, iliyokolea kidogo, ndiyo chaguo langu la kila mara. Kitani cha asili kioshwe kabla ya kushonwa kwa sababu hupungua.

Zulia dogo katikati ya chumba, lisiloguswa na kitu chochote, hufanya chumba kionekane kidogo zaidi. Angalau miguu ya mbele ya sofa na ya kiti ikanyage zulia. Kwa sebule ya mita 3 kwa 4, ukubwa wa sentimita 160 kwa 230 ni wa chini kabisa, na 200 kwa 300 mara nyingi hufaa zaidi, ukiacha ukingo wa sakafu kuzunguka. Weka kitambaa cha kuzuia kuteleza chini yake. Kwenye mbao zilizopakwa nta ni suala la mifupa. Kwenye majengo haya sauti za nyayo husikika kwa jirani wa chini, kwa hiyo zulia nene ni wema pia.

Katika nyumba nzima chagua aina tatu za vitambaa, sema kitani, sufu na pamba iliyofumwa kwa unene, kisha urudie hizo hizo. Rangi zikiwa chache, mguso wa vitambaa ndio unaokifanya chumba kisichoshe.

Hatua ya 7: Taa

Taa moja katikati ya dari refu humwaga mwanga vichwani, ikaacha pembe na giza na nyuso na vivuli chini ya macho. Iache, hasa kama inaning'inia kwenye duara la nakshi, lakini jioni usiitegemee. Weka vyanzo vitatu vya mwanga kwa kila chumba, kila kimoja kwa kimo chake: taa ya kusimama kando ya kiti, ya mezani, na ndogo ya ukutani au ya kubana kwenye rafu.

Balbu zote za nyumba ziwe na joto moja la mwanga. Namba huandikwa kwenye boksi kwa kelvini (K): 2700 K ni mwanga wa joto wa jioni, 4000 K ni mweupe wa ofisini. Balbu moja ya 4000 jikoni, ikionekana kutoka sebuleni yenye 2700, huharibu kazi yote ya rangi uliyoifanya. Angalia pia alama ya CRI, inayoonyesha balbu inazitoa rangi kwa uhalisi kiasi gani. Ya 90 na zaidi ndiyo itakayokuonyesha ule ukuta ulioupima kwa karatasi. Swichi ya kupunguza mwanga inafaa sana, mradi balbu iwe ya aina inayokubali kupunguzwa.

Kioo kimoja kikubwa kiwekwe pembeni ya dirisha au kulielekea, kirudishe mwanga ndani. Kabla ya kukitundika, simama mahali pake uone kitarudia nini. Kikirudia sinki lenye vyombo, kihamishe.

Hatua ya 8: Picha na vitu vidogo, mwisho kabisa

Subiri mwezi baada ya fanicha kukaa. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na picha iliyo juu ya sofa isipande mbali nayo. Kama ukuta wako una ukanda wa mbao wa kutundikia picha, ule uliopo chini kidogo ya dari, utumie: kulabu na waya vinakuepusha na msumari kwenye plasta ya chokaa, ambayo hupasuka na kumwagika kama unga. Msumari usipoepukika, toboa kwa keekee taratibu badala ya kupigilia nyundo. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa anaweza kuegemeza picha kubwa juu ya kabati au juu ya sehemu ya kuotea moto, na kwa kweli nyingi hupendeza zaidi zikiegemezwa.

Acha ukuta mmoja kila chumba bila kitu. Watu wataulizia utaweka nini pale. Usiweke.

Vitasa vya shaba, bawaba na komeo za zamani vichemshe kwenye sufuria kuukuu yenye maji na sabuni, rangi iliyovifunika italegea na utaibandua kwa kijiti. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi, maji yasimwagwe kwenye sinki la vyombo, na sufuria hiyo isirudi jikoni tena. Kitasa kimoja kizito kilichosafishwa hutia fora kuliko mapambo kumi ya mezani, na unakishika kila siku.

Rangi itakayobaki imimine kwenye kopo dogo linalojaa, kwa sababu hewa ndiyo inayoiharibu. Andika juu ya kifuniko jina la rangi, namba ya mchanganyiko, chumba na tarehe, unakili hayo hayo kwenye lile daftari la hatua ya kwanza. Funga kifuniko kwa kugonga nyundo juu ya kipande cha mbao, usigonge bati moja kwa moja, kisha likae mahali pakavu pasipo joto wala baridi kali.